Kibodi Iliyogoma Masuguru

Tulikuwa tumeketi mkekani nyuma ya nyumba ya marehemu, kule Mpale, mazishi yamekwisha na wali haujaiva, mama mmoja mrefu mwenye shuka jekundu juu ya gauni jeusi aliponiinamia sikioni na kuninong'oneza, "Hawa, kibodi bado inastaki?" Nilishtuka hadi chai ikanimwagikia mapajani. Sura sikuitambua, miaka ilikuwa imeifanyia kazi yake, kama ilivyoifanyia na yangu. Lakini swali lile lilikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani. "Nashipai!" nikapiga kelele, na palepale nikakumbuka niko msibani, nikajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Tukakumbatiana tukilia na kucheka kwa pamoja, na akina mama waliokuwa wakimenya ndizi kando yetu wakatutazama wasielewe kibodi inahusiana vipi na mtu aliyetoka kuzikwa. Inahusiana sana. Tuliyemzika alikuwa Mama Eliezeri, mwenye steshenari iliyotuajiri sisi wawili pale Masuguru, mjini Korogwe, tukiwa wasichana. Habari ya kifo chake ilinikuta Handeni nimesimama dukani nanunua sabuni, na sikuamini, kwa sababu juzi yake tu alinipigia simu akanicheka kwamba sauti yangu imezeeka kuliko yake. Alilala mzima, hakuamka. Nilirudi nyumbani bila sabuni. Na tangu Nashipai aniulize swali lile pale mkekani, mwaka wetu wa Masuguru umenirudia wote, na kila unaponirudia nashtuka upya, kana kwamba miaka hii yote haikutosha kuuzoea.

Steshenari ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia la maua. Mbele palikuwa na kaunta, mashine ya fotokopi iliyonuka joto kuanzia asubuhi, na kompyuta mbili za chogo zilizotazamana juu ya meza mbili, moja yangu na moja ya Nashipai, hata tukichoka tulikuwa tunatupiana macho juu ya migongo ya zile mashine. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko la mafuta ya taa, ndoo ya maji na benchi la kulia chakula. Mama Eliezeri, Msambaa wa milimani kulekule Mpale, mnene wa mwili na mwepesi wa miguu, alipika mwenyewe na hakukubali mtu ale mbele ya mashine. Maharage ya nazi na chapati, siku nyingine ndizi na utumbo, na mimi nikilalamika nimekumbuka bada, ule ugali wetu wa muhogo, alikuwa ananisonga kwa maneno kwanza kisha kesho yake anausonga. Mimi nilikuwa Mzigua wa Handeni, nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kuchapa. Nashipai naye alitoka Handeni, lakini kule mbugani kwa wafugaji, binti wa Kimasai aliyesoma kwa ubishi. Tulipanga chumba kimoja Kilole, hapohapo mjini. Upande wa dirisha palikuwa na mkeka wangu wa kuswalia, upande wa mlango palikuwa na Biblia yake, na katikati palikuwa na ugomvi wetu wa kila siku kuhusu maziwa: yeye alitaka kuyagandisha, mimi nilitaka kuyatia kwenye chai.

Kazi yetu ilikuwa kuchapa. Mitihani ya shule, matangazo ya mikutano ya vijiji, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Mimi nilikuwa na kasi, nasema bila haya. Nilichapa macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja, siangalii kioo wala vidole, na walimu walikuwa wakija wanasema, "Mpe yule binti wa Handeni." Kisha msimu wa mitihani ukaingia na kibodi ikaanza kunifanyia vituko. Mwalimu mmoja wa baiolojia alikuwa amesimama kaunta akisubiri, nami nachapa, vidole vinajiendea, mpaka nilipoinua macho nikakuta sentensi imeishia katikati ya neno. "Taja kazi za maj", basi, na kale kamstari ka kwenye kioo kanapepesa tu kama kananicheka. Nilikuwa na hakika nimeandika zaidi ya pale. Nikabonyeza tena, herufi zikaingia kama kawaida. Nikaendelea. Kesho yake ikarudi. Mara nyingine haikusimama bali ilimwaga herufi moja mstari mzima, sssssss, kama nyoka, na mimi nikifuta huku nimekasirika. "Mama, kibodi imestaki tena!" nilikuwa nikiita, naye alikuwa akija na kitambaa mkononi, anaifuta, anaigonga mgongoni, anasema, "Hebu jaribu." Ikijaribiwa inafanya kazi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote: ilikuwa inagoma ikiwa kwangu, akija mtu kuiangalia inakuwa na adabu.

Akaitwa Fundi Mbwana, aliyekuwa akitengeneza redio na kompyuta karibu na stendi. Alikuwa mtu mpole, anayezungumza na mashine kuliko na watu. Aliigeuza kibodi kichwa chini akaikung'uta juu ya gazeti, tukacheka kwa vilivyotoka: chembe za maandazi ya mtu aliyetutangulia, nywele, pini ya ushungi, mdudu mkavu. Aling'oa vibonyezo kimoja kimoja, akavisafisha kwa spiriti, akavirudisha. Akaufuata waya kwa vidole mpaka karibu na plagi, akaukunja huku na huku, na kweli, ukikunjwa upande mmoja taa za kibodi zilikuwa zinazimika. "Hapa ndipo penye ugonjwa," akasema kwa furaha. "Waya umekatika ndani kwa ndani. Ukitikisika, kibodi inakata. Ukitulia, inashika." Akaukata, akaunga, akazungushia utepe mweusi. Nilifurahi mpaka nikamkaribisha chapati yangu. Siku chache zikapita kwa amani. Kisha, nikichapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Kilole, nikainua macho nikakuta marehemu ameishia nusu ya jina lake.

Mama Eliezeri akanunua kibodi mpya. Nakumbuka harufu yake ya plastiki, na vibonyezo vilivyokuwa vigumu na safi kama meno ya mtoto. Nayo ikastaki. Fundi Mbwana akarudi, akahamisha plagi, akaifungua kompyuta akapuliza vumbi mpaka akakohoa, akaizima na kuiwasha, mwisho akasimama katikati ya chumba akajikuna kidevu, akasema, "Badilishaneni viti." Nashipai akaja kwangu, mimi nikaenda kwake. Yeye akachapa kwenye kibodi yangu asubuhi nzima bila tatizo. Mimi, kwenye kibodi yake ambayo haijawahi kugoma tangu izaliwe, nikakuta mstari mzima wa herufi n. Mchana nikiwa nyuma ya pazia, sahani ya maharage mapajani, nikamsikia fundi akiongea kwa sauti ya chini na Mama. "Mama, mimi utundu wangu umeishia hapa. Waya nimeunga, kibodi mpya umenunua, kompyuta nimeingia mpaka ndani. Kosa linamfuata binti."

"Unasema nini, fundi?"

"Sisemi kitu. Ila wapo watu mashine zinawakataa. Na Handeni unaijua, watu wa kule wana mambo yao. Mimi ningekuwa wewe ningemrudisha kwao kabla hajakuunguzia na fotokopi."

Nilisubiri Mama Eliezeri amkaripie. Alikuwa mwepesi wa kukaripia, hata wateja walimwogopa. Lakini alisema tu, "Nitafikiri." Neno lile moja lilinipiga kama kofi. Maharage yalinigeukia udongo mdomoni. Nikaona safari ya kurudi Handeni na sanduku langu, nikaona watu wakiuliza umerudi kwa nini, na mimi nikiwajibu nini? Kwamba kibodi zimenikataa?

Jioni ile Kilole nililia, na Nashipai akanisikiliza huku akipangusa vikombe. Hakunifariji. Alisema tu, "Kesho nitakaa karibu yako." Nikadhani ni maneno ya urafiki. Kesho yake alivuta kiti chake akaketi ubavuni kwangu, akasema ataangalia kibodi, si kioo. Sote tulikuwa tukiangalia kioo muda wote, akasema, hakuna aliyeangalia kibodi yenyewe inafanya nini ikigoma. Nilichapa. Alikaa pale asubuhi yote, anainuka kumhudumia mteja na kurudi. Nilimsahau. Baadaye nikainua macho, sentensi imekatika. "Umeona?" nikamwambia kwa ushindi. "Imestaki!" Nashipai alikuwa amepauka midomo. "Hawa," akasema, "kibodi haikustaki. Vidole vyako vilisimama." Nikamwambia aache utani. Akasema, "Vilisimama. Na wewe ulikuwa unaangalia ukutani, na unatafuna kitu ambacho hakipo mdomoni. Nimekuita, hukuitika." Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo naikumbuka ladha yake. Nilimwambia anataka kiti changu. Nilimwambia aende akachunge ng'ombe. Yeye akabaki amekaa palepale.

Sijui ulipita muda gani. Nilichapa kwa hasira, kwa kasi, nikimwonyesha. Ikaja ile harufu ya kuungua niliyozoea kudhani ni ya fotokopi. Halafu naona nilikuwa bado nachapa, hakuna kilichobadilika, chumba ni kilekile, mwanga ni uleule. Ila mkononi mwangu wa kushoto palikuwa na bangili ya shanga, nyeupe na buluu, ile aliyovaa Nashipai. Niliitazama. Sikuwa nimeivaa mimi. Sikusikia ikinigusa, sikusikia waya wake ukinipita vidoleni, na mtu hawezi kuvishwa bangili mkono unaochapa asijue. Nikamtazama Nashipai. Alikuwa analia. "Nimekuvisha polepole," akasema. "Nimeugeuza mkono wako, nimekuvisha, nimeurudisha juu ya kibodi. Hukuwepo, Hawa. Ulikwenda wapi?" Nimewahi kufiwa, nimewahi kuona nyumba ya jirani ikiungua, lakini mshtuko kama ule sijaupata tena. Wengine hushtushwa na jambo lililowatokea. Mimi nilishtushwa na kujua kwamba yapo mambo yamekuwa yakinitokea na mimi mwenyewe sipo. Nilianza kujiuliza ni wapi kwingine nimewahi kutokuwepo. Darasani? Jikoni? Nikivuka barabara? Nikiwa nimesujudu? Nikatazama mikono yangu kama mikono ya mtu aliyeketi kiti kimoja na mimi.

Nashipai alimweleza Mama Eliezeri nyuma ya pazia, na Mama akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: akafunga duka mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni. Akaniketisha kwenye benchi, akaketi mbele yangu magoti yetu yakigusana. Nilijua ananifukuza. Badala yake akauliza taratibu, "Kabla haijaja, husikii harufu? Au tumbo kupanda juu kama mtu anayeshuka mlima mbio?" Nikamjibu kwamba nasikia harufu ya kuungua. "Na ikishapita unachoka, unataka kulala?" Nikasema ndiyo, Mama. Akafumba macho. "Nilihisi," akasema. "Fundi aliposema kosa linamfuata binti, nilihisi. Sikutaka liwe hilo." Hakusema hilo ni lipi. Alisema tu kesho tunakwenda hospitali, na akaninawisha uso kwa maji ya ndoo kama mtoto.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka, lakini aliposikia habari ya bangili aliweka kalamu chini. Akamtaka Nashipai aeleze kila kitu, akaniuliza maswali, akanigonga magoti, akanimulika machoni. Kisha akasema kwamba kwa maelezo yale ni kifafa. Alilitamka neno lile kama anavyotamka mafua. Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa sababu kifafa nilikijua: kwetu nilikuwa nimemwona mtu ameanguka njiani, povu mdomoni, watu wakikimbia wasimguse. "Daktari, mimi sijawahi kuanguka hata siku moja," nikamwambia. "Si lazima uanguke," akasema. "Kipo kinachoangusha, na kipo kinachomwondoa mtu kwa kitambo tu halafu kinamrudisha. Chako ni hicho." Akasema upo uwezekano wa dawa kukituliza kabisa, na upo uwezekano wa kukipunguza tu, nimeze kila siku nisiache, nisikae peke yangu na moto wala na maji mengi. Nilitoka nje nimeshika pakiti ya vidonge, jua la Korogwe linachoma, watu wanapita na mambo yao, na nilitaka kumshika kila mmoja nimuulize kama ananiona.

Jumapili iliyofuata Mama Eliezeri alinichukua mpaka Mpale, kwenye nyumba ileile ambayo juzi tumemzikia. Wakati ule kaka yake mkubwa ndiye aliyeishi humo na mkewe. Tukapokewa vizuri, tukapewa chai. Kisha Mama akanishika mkono akanizungusha nyuma ya jiko, palipokuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Nje ya mlango wake, kwenye msumari, ilining'inia sahani ya bati ya kijani na kikombe chake. Ndani, juu ya kitanda cha kamba, aliketi mwanamke wa makamo, shavu moja limekunjamana kwa kovu la moto, akatuangalia kwa macho ya mtu asiyezoea wageni. "Huyu ni mdogo wangu, Raheli," Mama akasema. "Chako kinakuondoa kwa kitambo. Chake kinamwangusha. Aliangukia moto tukiwa wadogo, na tangu hapo wakamweka humu. Sahani yake haichanganywi na za watu, wanasema mate yake yanaambukiza." Niliitazama ile sahani ya kijani. Niliona kama imeandikwa jina langu. Niliona kwamba kama nisingekutana na kibodi, kama siku moja ningeangukia jiko la kwetu, mahali pangu pangekuwa pale, nyuma ya jiko, na watu wazuri wanaonipenda wangeitundika sahani yangu msumarini wakiamini wanafanya sawa. Mama akaitwaa ile sahani, akaenda kuipakulia makande, akarudi akaketi kitandani, akala na Raheli, mkono kwa mkono. Wifi yake alisimama mlangoni kinywa wazi. "Wifi, utajidhuru!" akasema. Mama hakumgeukia. "Hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali," akaniambia mimi. "Nilipokuwa mdogo sikuwa na sauti ndani ya nyumba hii. Njoo ule." Nikaketi upande wa pili wa Raheli, nikala.

Mama alirudi kumchukua Raheli kabla mwaka haujaisha. Akampeleka kwa daktari yuleyule, na dawa zikampunguzia mno. Juzi kwenye mazishi nilimwona, mzee sasa, ameketi na wafiwa kwenye sinia moja, wifi yake akimsogezea nyama. Nashipai alinifinya mkono, tukatazama pembeni. Si kila mtu mkekani pale alijua alichokuwa anakiona.

Kwangu mimi dawa zilipunguza, hazikumaliza. Pale Masuguru tukapata utaratibu wetu. Kikinishika mbele ya wateja, Nashipai alikuwa anapaza sauti, "Aa, kibodi imestaki tena!" na kuja kusimama mbele yangu kwa urefu wake wote, anajifanya anakagua waya, mpaka nirudi. Mama naye alikuwa anaitikia kutoka kaunta, "Hizi kibodi za siku hizi!" Wateja walitusikitikia. Wengine walihamia duka la pili kwa kuogopa mashine zetu mbovu, na Mama aliwaacha waende. Fundi Mbwana hakuambiwa kitu. Ila siku moja aliniletea embe, akaliweka mezani pangu, akaondoka.

Mwishoni mwa mwaka Mama alifungua duka dogo Handeni akaniweka mimi. Nilikwenda na kompyuta yangu, vidonge vyangu na woga wangu wote, kwa kuwa huko Nashipai hayupo. Wiki za mwanzo nilijificha: wateja waache karatasi, waje baadaye. Mpaka akaja mzee mmoja mfugaji, fimbo mkononi, asiyejua kuandika, anataka nimchapie barua ya wazee wa kijiji chao kuhusu lambo la maji lililokuwa likigombaniwa na wakulima na wafugaji. Akaketi kwenye benchi, akaanza kunisomea kutoka kichwani, polepole, na mimi nachapa. Ikaja harufu ya kuungua. Niliporudi, mzee alikuwa amenyamaza ananitazama, na kioo kimejaa herufi moja. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema kibodi. Sijui kwa nini haukusema.

"Mzee wangu, samahani," nikasema. "Nina kifafa. Si cha kuanguka. Kinaniondoa kidogo, halafu kinaniachia. Tulikuwa tumefika wapi?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwangu. Nilisubiri benchi likwaruze sakafu. Nilisubiri avute shuka lake ajizibe mdomo, aende nje akawaambie watu. Mzee akaihamisha fimbo yake kutoka mkono huu hadi ule.

"Nilidhani unafikiri," akasema. "Tulifika kwenye maji. Andika hivi: watu watachota kwanza, ng'ombe watakunywa baadaye, na ugomvi uishe."

Nilikaa nimeduwaa, mikono hewani, nikimtazama kama aliyenitendea muujiza, na yeye hana habari.

"Andika, binti yangu," akasema. "Jua linakwenda."

Nikaandika.